Kabla Fundi Hajapanga Tofali la Kwanza: Mwongozo wa Kuwanoa Wataalamu wa Kurejesha Hali Baada ya Maafa na Vita

Wiki ya tatu baada ya maafa, magari ya televisheni yakiwa yameshaondoka, ndipo nyundo huanza kusikika. Mtu ameokota mabati yake yaliyokunjamana, anayanyoosha juu ya jiwe. Jirani yake anachambua tofali nzima kutoka kwenye kifusi na kuzipanga pembeni. Hakuna aliyewaruhusu wala aliyewakataza. Mvua inakuja, na mtoto hawezi kulala chini ya turubai mwaka mzima. Nyumba ile ile inaanza kupanda mahali pale pale, kwa udongo ule ule, bila linta ya kuzifunga kuta, kama mwanzo. Wewe mtaalamu bado uko ofisini, unasubiri kibali cha safari kisainiwe.

Mwongozo huu ni wa yule aliyeagizwa, au aliyejiagiza, kuandaa mafunzo ya wataalamu watakaosimamia kurejesha hali. Huenda ni mratibu wa maafa wa halmashauri, mkufunzi wa chuo, au mtu wa shirika mwenye fungu dogo la mradi na miezi michache ya kulitumia. Utayakuta mambo mengi humu, lakini yote yanatoka kwenye jambo moja. Waliopoteza nyumba hujijengea wenyewe, wawe wamefundishwa au hawakufundishwa. Mtaalamu wa kuwafaa ni yule anayefika na neno la maana kabla msingi haujamwagwa. Anayefika baada ya hapo ana kazi moja tu, nayo ni kupiga picha za nyufa.

Majina kwanza, mada baadaye

Barua ya mwaliko ikitoka bila maelekezo, kila ofisi humtuma aliye na nafasi wiki hiyo, au yule ambaye zamu yake ya posho imefika. Sisemi kwa dharau, mishahara ya watumishi wa kata tunaijua. Lakini niliwahi kukaa siku tano katika ukumbi wa hoteli na watu arobaini, feni zikizunguka na slaidi zikipita, na siku ya mwisho nikagundua kwamba wanane tu ndio wangerudi kufanya kazi mahali palipoharibika. Waliobaki walisaini, wakala, wakachukua vyeti, wakaondoka. Pesa ile ingetosha kununua saruji ya linta za mtaa mzima.

Kwa hiyo chagua mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 2022, imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini, na hizo ndizo mahali pa kuanza kutafuta watu. Usivuke washiriki 24. Mchukue mhandisi wa halmashauri, ofisa ardhi, ofisa ustawi wa jamii, mtu wa hazina anayejua malipo yanavyopita, watendaji wa kata zilizoguswa, wenyeviti wa vitongoji, mwalimu mkuu mmoja, kiongozi wa kikoba, na mafundi waashi wasiopungua wanne. Fundi alipwe siku yake kwa kiwango kile kile cha wengine, kwa sababu akikaa na wewe hajapata kibarua. Kisha wachanganye. Ukiwaacha wahandisi wakae meza yao, watazungumza lugha yao hadi jioni, na fundi atanyamaza.

Kabla ya kuandika jina la mtumishi, muulize anategemea kuwa wapi baada ya miaka miwili. Kurejesha hali huchukua miaka, na uhamisho hausubiri. Kama yuko mbioni kuhamishwa, mchukue pamoja na msaidizi wake, au mwache.

Kusoma ukuta

Siku ya kwanza usiingie ukumbini. Nendeni mahali palipobomoka, na mkifika mpige hodi. Hata nyumba iliyolala chini ina mwenyewe. Pole itangulie, maswali yafuate, na kama mwenye nyumba hataki kuulizwa leo, nendeni kwa mwingine. Nimeona wataalamu wakipanda juu ya kifusi na makabrasha yao huku mama mwenye nyumba akiwa amesimama pembeni anawatazama kama wageni waliokosea njia. Mafunzo ya siku hiyo yalikufa pale pale, ingawa ratiba iliendelea.

Tetemeko la Kagera ni mfano mzuri wa kujifunzia. Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, maelfu ya nyumba zilipasuka au kuanguka, na Sekondari ya Ihungo, shule kongwe ya Bukoba, iliharibika kiasi cha kujengwa upya. Kwa kipimo cha dunia tetemeko lile halikuwa kubwa. Kilichoua ni kuta, yaani tofali za kuchoma zilizoshikanishwa kwa udongo, au kwa saruji iliyobanwa sana kwa mchanga, bila linta, yaani mkanda wa zege unaozifunga pamoja.

Wagawe watu sita sita, kila kundi na fundi wake, na kila kundi lisome nyumba moja. Ukuta umeangukia ndani au nje? Kona zimeachana? Linta inazunguka nyumba nzima, au ni vipande vilivyowekwa juu ya dirisha na mlango basi? Nondo zilipounganishwa zimepitana vya kutosha, au zimegusana ncha kwa ncha? Ringi za nguzo zimekunjwa ndoano kuingia ndani ya zege, au zimezungushwa tu na kufungwa kwa waya? Chukua ufunguo, kwaruza kiungo cha tofali: kikimeng'enyeka kama biskuti, umeshapata jibu. Paa je, lilifungwa kwenye ukuta au lilikuwa limekaa kwa uzito wake?

Linta izungumzwe kwa kina hapo hapo, kwa sababu wengi huidhani ni ya kubeba madirisha. Ardhi ikitikisika, kila ukuta hutaka kucheza peke yake, mmoja kwenda mashariki na mwenzake kaskazini, na kona ndiyo inayopasuka. Linta iliyozunguka nyumba nzima bila kukatika ni kama mkanda kiunoni: inazilazimisha kuta zote nne zicheze pamoja. Hili fundi anaweza kulieleza vizuri kuliko profesa, akiwa na boksi la viatu na kipande cha kamba. Mpe nafasi alieleze yeye. Mhandisi atakayeona fundi anafundisha atarudi kazini na tabia nyingine.

Hapa utakutana na swali la mafundi wetu wote: "Mwenye nyumba hana hela ya nondo, nifanye nini?" Usilikwepe. Nyumba ndogo, kuta fupi, madirisha yasiyokaribiana na kona, paa jepesi lililofungwa barabara, haya hayaongezi gharama nyingi na yanaokoa roho. Afadhali vyumba viwili vyenye linta kuliko vinne visivyo nayo. Fundi akitoka na sentensi hiyo mdomoni, umefanya kazi.

Pale ambapo linta haisaidii

Sasa wapeleke watu hao hao, kwa miguu au kwa ramani, hadi Mlima Hanang. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliachia. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Watu 89 walipoteza maisha. Katika njia ya tope lile hakuna nondo ambayo ingesimama. Suala lilikuwa mahali, na ndiyo maana Serikali iliwajengea familia zilizopoteza makazi nyumba mpya katika eneo la Waret, mbali na mkondo.

Zoezi la siku ya pili liwe la mahali. Kila kundi lipande mkondo na wazee wawili wa pale, mwanamume na mwanamke, likiuliza maji yalipita wapi zamani, mawe haya makubwa yalifikaje katikati ya shamba, na kwa nini sehemu hii inaitwa inavyoitwa. Jina kama Korongoni halikuzaliwa bure. Mchoro wa wazee uwekwe juu ya ramani ya ofisa ardhi, na pale vinapopingana ndipo mjadala uanze. Mara nyingi viwanja vipya vimepimwa juu ya mkondo ambao kila mzee anaujua.

Tahadhari moja lakini. Mtaalamu akishajua mahali pa hatari, hushikwa na hamu ya kuhamisha watu. Mwambie habari za Bududa, mteremko wa Mlima Elgon, Uganda. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko yalifukia kijiji cha Nametsi, mamia wakafa. Baadhi ya walionusurika walipelekwa Kiryandongo, upande mwingine kabisa wa nchi, kwenye ardhi tambarare na nyumba walizojengewa. Baadhi yao walirudi mlimani. Huko mlimani kulikuwa na kahawa yao, migomba yao, makaburi ya wazazi wao na ndugu wa kushika nao jembe. Oktoba 2018 Bududa ikaporomoka tena. Safari hii watu walihamishiwa Bulambuli, karibu zaidi na mashamba yao ya zamani. Ukaribu ule ni somo lililonunuliwa ghali.

Na Goma, mashariki ya Kongo? Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikatiza katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakavuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, na baada ya siku chache walikuwa wamerudi. Walijenga juu ya lava ilipopoa, wengi kwa mbao, maana mbao ni nyepesi na hubomolewa na kubebwa. Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Katika mji wa namna hiyo, mafunzo ya kuwashawishi watu wahame ni kupoteza muda. Fundisha barabara za kukimbilia, ishara za tahadhari, na mahali ambapo hospitali na matangi ya maji hayapaswi kujengwa.

Uharibifu na hasara

Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na Umoja wa Ulaya walikubaliana kutumia njia moja ya kutathmini mahitaji baada ya maafa. Njia hiyo ina makabrasha mazito, na ukiyafungua yote darasani watu watalala. Kiini chake kifundishe kwa mama ntilie mmoja.

Tuseme mafuriko yamechukua banda, meza na benchi zake, thamani ya shilingi 200,000. Sufuria na majiko, 150,000. Mchele, unga na mafuta, 100,000. Jumla 450,000, na huo ndio uharibifu, vitu vilivyokuwepo na sasa havipo. Karibu kila kamati huishia hapo. Lakini mama huyu alikuwa akipata faida ya shilingi 12,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Akikaa miezi minne bila kupika, amepoteza shilingi 1,248,000. Hiyo ndiyo hasara, na ni karibu mara tatu ya uharibifu. Ongeza deni la kikoba linaloendelea kuzaa riba, na ada ya mtoto wa kidato cha pili.

Waache washiriki wapige hesabu wenyewe kwenye daftari, kisha uwaulize: huyu mama anahitaji nini kwanza? Wengi watasema nyumba. Kaa kimya kidogo. Atatokea mmoja, mara nyingi ni yule kiongozi wa kikoba, atakayesema kwamba mafundi watakaojenga shule watahitaji kula, basi mama apewe mtaji mdogo na sehemu ya kupikia karibu na eneo la ujenzi. Hapo darasa limeelewa kurejesha hali ni nini. Fedha za ujenzi huingia wilayani mara moja. Zikipita kwa mkandarasi anayekuja na wapishi wake, saruji yake na vibarua wake kutoka mjini, zinaondoka zilivyokuja.

Mfano wa mkulima, mfugaji na mwenye bodaboda uwape kama kazi ya jioni. Hesabu ni ile ile, muda ndio unaobadilika, maana ng'ombe aliyekufa harudi kwa miezi minne.

Fedha, ukaguzi, na kiburi chetu

Kaguzi nyingi huja nyumba ikiwa imeshapakwa rangi. Nepal walijaribu vingine baada ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, la kipimo cha 7.8, lililoua karibu watu 9,000. Familia iliyopoteza nyumba ilistahili ruzuku ya rupia 300,000 kwa awamu tatu: 50,000 za kuanzia, 150,000 msingi ukishakaguliwa, na 100,000 kuta zikishafika usawa wa paa na kukaguliwa. Mwenye nyumba ndiye aliyejenga. Mkaguzi alikuja wakati kosa bado linaweza kurekebishwa, kwa hiyo alikuwa mwalimu kwa nusu ya kazi yake.

Wafundishe washiriki wako kukagua hivyo, na uwafundishe pia aibu ya kuchelewa. Mkaguzi akikawia wiki sita, familia ama itakaa mvuani ikisubiri, ama itafukia msingi mbovu na kuendelea. Awekewe siku, na asipofika siku hiyo aliye juu yake ajulishwe. Nepal pia iligundua kwamba mafundi hawatoshi, kwa sababu vijana wengi walikuwa Ghuba na Malaysia wakijenga majengo ya watu. Wanawake wakafundishwa uashi. Kwetu vijana hukimbilia mijini, kwa hiyo hesabu mafundi waliopo kabla hujaahidi idadi ya nyumba.

Kuhusu kiburi, nenda Pakistan. Tetemeko la tarehe 8 Oktoba 2005 liliua zaidi ya watu 73,000, na milimani Kashmir watu waliona kwamba nyumba za jadi za fremu ya mbao zilizojazwa mawe na udongo, wanazoziita dhajji, zilistahimili kuliko nyingi za mawe matupu na za zege mbovu. Mamlaka mwanzoni ilitambua ujenzi wa kisasa tu. Watu wa milimani, wasioweza kupandisha nondo na saruji huko juu, waliendelea kujenga dhajji, na baadaye serikali ikaikubali rasmi, ikachora vielelezo na kuifundisha. Sisemi kila mtu arudi kwenye msonge. Nasema mtaalamu asifungue mdomo kuhusu nyumba za wenyeji kabla hajahesabu zilizobaki zimesimama na kuuliza kwa nini.

Baada ya vita, orodha na ardhi

Maafa ya asili huacha kifusi. Vita huacha kifusi na jirani. Mtaalamu anayejua linta lakini hajui nani alimchomea nani nyumba anaweza kuwasha moto upya kwa kutoa zabuni ya kokoto kwa mtu asiyestahili.

Fundisha orodha. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipoteza zaidi ya watu 1,100, na wapatao laki sita waliyakimbia makwao. Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ikatoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Waliokuwa kambini walionekana na kuandikwa. Waliokuwa wamejihifadhi kwa shangazi na binamu mjini, wengi waliachwa nje, maana mpangaji wa orodha alihesabu mahema. Zoezi lake ni rahisi: wape makundi matatu orodha tatu za kijiji kimoja cha kubuni, moja ya mwenyekiti, moja ya msikiti na kanisa, moja ya zahanati. Watafute nani yuko kwenye moja na hayupo kwenye nyingine, na waseme kwa nini. Wajane, wapangaji, na watoto wanaolelewa na bibi ndio hukosekana.

Kisha ardhi, na hapa tenga siku nzima. Mashariki ya Kongo sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya dola, lakini mwami, yaani mtawala wa jadi, na machifu wake waliendelea kugawa mashamba kama kawaida. Mtu anarudi kutoka ukimbizini na kukuta mwingine ana karatasi ya serikali, yeye ana neno la mzee aliyekufa, na wa tatu amelima misimu sita. Ofisa ardhi aliyezoea kuuliza hati pekee hataweza kitu. Mpe zoezi la kuigiza: mmoja mrejea, mmoja mkaazi, mmoja mjane ambaye shemeji yake anataka kiwanja cha marehemu, na majirani wanne. Kazi yake isiwe kutoa hukumu. Aandike kila mmoja anadai nini, nani anashuhudia, na kipi hakibishaniwi. Utashangaa jinsi sehemu isiyobishaniwa ilivyo kubwa.

Rwanda inatufundisha kwamba kazi hii haihitaji jeshi la wapima wenye shahada. Kati ya 2009 na 2013 nchi nzima ilisajiliwa, zaidi ya vipande milioni 10. Vijana wa maeneo husika walifundishwa kwa muda mfupi, wakapewa picha za angani zilizochapwa, wakatembea mipaka pamoja na wenye mashamba na majirani na kuchora mistari kwenye picha. Majina ya wake yakaandikwa pamoja na ya waume. Shamba lililobishaniwa liliandikwa kuwa linabishaniwa, wakasonga mbele.

Nakala za nyaraka zisisahaulike. Mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 yalipoingia Banda Aceh, Indonesia, yaliikuta ofisi ya ardhi. Vitabu vilivyoloa vikagandishwa visioze na kupelekwa Jakarta kukaushwa, kazi iliyohitaji wataalamu kutoka Japani, huku vijijini watu wakichora upya mipaka yao kwa ushahidi wa majirani. Kila mshiriki wako arudi ofisini na swali: daftari letu la ardhi likiungua usiku huu, nakala iko wapi? Kama jibu ni "kwenye kompyuta hiyo hiyo," ameshapata kazi ya wiki ya kwanza.

Usipatanishe watu kwa lazima siku ya kwanza, wala usimgeuze mhandisi kuwa msuluhishi kwa semina ya siku tano. Wape pande mbili kazi ambayo hakuna anayeweza kuimaliza peke yake, kisima au daraja la mtoni, malipo sawa, msimamizi kutoka mbali. Mazungumzo mengine yatakuja yenyewe wakati wa chai, au hayatakuja.

Bajeti na baada ya cheti

Mwongozo wa Sendai wa mwaka 2015 unazitaka nchi zijenge upya kwa ubora zaidi kuliko mwanzo. Ni neno zuri, na nimeliona kwenye mabango mengi. Bajeti yako ndiyo itakayosema kama unaliamini. Nusu ya fedha iwe ya siku za mafunzo, nusu ya kuwafuata waliofundishwa: simu, nauli, mkufunzi kulala kijijini siku tatu. Mfadhili akikataa mgawanyo huo, punguza washiriki, usipunguze ufuatiliaji. Cheti kisitolewe siku ya mwisho. Kitolewe miezi sita baadaye, mshiriki akileta jambo moja alilobadilisha: orodha iliyorekebishwa, ukaguzi uliofanyika kwa wakati, fundi aliyefundishwa na fundi.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kina kituo cha mafunzo ya menejimenti ya maafa, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, Kenya, kina skuli yake. Shahada itamfaa, hasa akiifuata akiwa na maswali ya Katesh au Bukoba mfukoni.

Mwezi wa kumi na nane rudi mwenyewe. Usiwaambie wakuandalie kitu, na usipitie ofisini zaidi ya kusaini kitabu cha wageni. Beba futi kamba, orodha ya majina ya kwanza kabisa, na fundi mmoja kati ya wale wanne. Anzeni na nyumba ya mwisho, ile ambayo gari haifiki. Pigeni hodi, salimianeni, kisha mwangalie juu ya dirisha.